Kutafuta tezi mlinzi kwa ICG katika upasuaji wa saratani ya mfuko wa uzazi

Rangi hii haijui saratani iko wapi. ICG, yaani indosayanini ya kijani, ikichomwa kwenye mlango wa kizazi huingia kwenye mirija ya limfu, hujishika kwenye protini, kisha husafiri na maji ya limfu hadi tezi ya kwanza inayoyapokea. Hiyo ndiyo tezi mlinzi. Kama seli za saratani zimeshatoka kwenye mfuko wa uzazi kwa njia ya limfu, inatarajiwa zimepitia hapo. Makosa mengi ya wanaoanza yana mzizi mmoja: mtu anatafuta tezi inayong'aa kuliko zote badala ya kufuata mrija kutoka kwenye kizazi hadi tezi ya kwanza. Tezi iliyojaa saratani inaweza kukaa giza kabisa, na tezi ya tatu huko juu ikawaka kama taa.

Maelezo haya ni ya timu ya upasuaji wa saratani za wanawake inayofanya kazi kwa laparoskopi (kamera na vyombo vinavyopitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo) au roboti, kwa mgonjwa ambaye vipimo vinaonyesha saratani bado imo ndani ya mfuko wa uzazi. Uchomaji ni uleule kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyo changa, ila huko uvimbe wenyewe unakaa palepale unapotaka kuchoma, kwa hiyo matokeo huwa mazuri zaidi ukiwa chini ya sentimita 2.

Kwa nini tusitoe tezi zote tu? Kwa sababu wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo hawana saratani kwenye tezi, na kutoa zote huwaachia baadhi yao miguu inayovimba maisha yao yote. Utafiti wa FIRES wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulitoa tezi mlinzi kwanza, kisha ukatoa na nyingine ili kulinganisha. Kwa wagonjwa waliokuwa na saratani kwenye tezi na ambao angalau tezi mlinzi moja ilionekana, njia hii iliikamata kwa asilimia 97.2. Lakini humo humo kuna takwimu nyingine ya kubandika ukutani: angalau tezi moja ilionekana kwa asilimia 86 ya wagonjwa, na pande zote mbili za nyonga ziliwaka kwa asilimia 52 tu. Kila upande una hesabu yake, na tutalirudia hilo.

Mwaka 2018 utafiti wa FILM uliilinganisha ICG na rangi ya bluu kwa wagonjwa walewale: ICG ilionyesha asilimia 97 ya tezi zilizotolewa, bluu asilimia 47. Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha matumizi haya.

Kabla ya kufungua kichupa

Uliza mzio. ICG yenyewe ni salama kwa watu wengi mno, lakini aina nyingi zina sodiamu aidodi, yaani chumvi ya madini joto, kidogo, hivyo aliyewahi kupata mzio mkali wa ICG au wa madini joto asichomwe kabla hujasoma karatasi ya dawa uliyonayo na kuzungumza na mtaalamu wa usingizi. Adrenalini iwepo mezani kwake. Kama mgonjwa ana miadi ya kipimo cha tezi ya shingo kinachotumia madini joto yenye mionzi, kisogezwe angalau wiki moja mbele.

Rangi huondolewa na ini na kutoka kwa nyongo bila kubadilika. Figo hazihusiki, kwa hiyo mkojo haubadiliki rangi.

Kuchanganya

Kichupa cha kawaida kina unga wa miligramu 25. Unachotaka ni miligramu 1.25 kwa kila mililita, yaani miligramu 25 ndani ya mililita 20 za maji tasa ya sindano. Maji, si dripu ya chumvi. Chumvi huzifanya molekuli zigandane, ukabaki na chembechembe zinazong'aa kidogo na kusafiri vibaya. Kosa hili hutokea kwa urahisi kwa sababu chupa ya chumvi ndiyo iliyo karibu na mkono siku zote. Muuguzi anayechanganya asome lebo kwa sauti mbele ya mwenzake.

Baadhi ya boksi huja na mililita 10 tu za maji. Ukimalizia hapo umepata miligramu 2.5 kwa mililita, mara mbili ya unachotaka. Ongeza mililita 10 nyingine. Usifikiri rangi nzito itang'aa zaidi: ICG ikizidi ukali, molekuli zake humeza mwanga wa zenyewe kwa zenyewe na picha inafifia.

Tikisa polepole hadi maji yawe ya kijani kibichi yasiyo na chembe. Ukiona chembe, tupa. Kinga na mwanga, itumie ndani ya saa 6, na andika muda wa kuchanganya kwenye kichupa. Vuta mililita 4 kwenye bomba moja au mabomba mawili ya mililita 2, na kidogo zaidi kwa ajili ya kujaza sindano yenyewe: sindano ndefu humeza kiasi fulani ndani yake, na usipoijaza kabla, chomo la kwanza litakuwa hewa.

Kuchoma

Tumia sindano ya ganzi ya mgongo, geji 21 au 22, na bomba la kufunga kwa kuzungusha. Bomba la kuchomeka tu litafyatuka, kwa sababu nyama ya mlango wa kizazi ni ngumu na dole gumba litahitaji nguvu. Likifyatuka, rangi itatapakaa ukeni na kwenye glavu, na kamera itakuonyesha kila tone hadi mwisho wa upasuaji.

Mgonjwa akishalala usingizi na kuwekwa miguu juu, weka spekulamu, safisha, shika mdomo wa mbele wa mlango wa kizazi kwa koleo. Sehemu za kuchoma ni mbili, kulia na kushoto, kila moja machomo mawili:

1. Chomo la ndani: ingia sentimita 1 hadi 2 kwenye nyama, vuta bomba nyuma kuhakikisha hakuna damu, kisha sukuma mililita 1.
2. Chomo la juu: rudisha ncha mpaka ibaki milimita 2 hadi 3 chini ya utando, sukuma mililita 1. Utando unapaswa kuinuka kidogo na kupauka kabla ya kugeuka kijani.

Jumla mililita 4, miligramu 5. Sukuma polepole sana. Hesabu hadi kumi na tano kwa kila mililita. Dole gumba ndilo kipimo chako. Ukihisi ukinzani wa wastani, upo mahali pake. Rangi ikiingia bila ukinzani wowote, ncha imeingia kwenye mfereji wa kizazi, imetoboa hadi nje ya nyama, au imo kwenye mshipa wa damu. Ya mshipani hujulikana baadaye: unafungua kamera, ini linang'aa vizuri, nyonga ni giza.

Neno moja kuhusu saa. Vitabu vya Kiingereza huita sehemu hizi mbili kwa namba za uso wa saa, tatu na tisa. Kwetu mshale ukiwa kwenye tatu ni saa tisa, na ukiwa kwenye tisa ni saa tatu. Kwa kuwa unachoma pande zote mbili, hakuna kinachoharibika wakati wa kuchoma. Kinaharibika ukiandika kwenye ripoti kwamba rangi ilimwagika "upande wa saa tatu". Andika kulia au kushoto kwa mgonjwa. Naye amekukabili, kwa hiyo mkono wako wa kulia uko kushoto kwake.

Ukitoa sindano, bana shashi hapo kwa nusu dakika. Ondoa shashi zote zilizochafuka, badilisha glavu, ndipo uingize kifaa cha kuchezeshea kizazi, kwa upole na bila kupanua mfereji kupita inavyohitajika.

Kama mgonjwa amewahi kupasuliwa na unategemea mshikamano wa matumbo, usichome mapema. Ingia kwanza na kamera, achanisha mpaka ufike nyonga, halafu shuka ukachome. ICG huonekana kwenye mirija ndani ya dakika chache, na haisubiri mtu. Ukikaa muda mrefu, inapita tezi ya kwanza na kuwasha za pili na tatu, hapo kutofautisha inakuwa kubahatisha.

Kamera

ICG humeza mwanga wa nanomita karibu 800 na kurudisha wa karibu 830, ambao jicho halioni. Bila kamera ya infraredi ya karibu hakuna utakachoona zaidi ya madoa ya kijani pale ulipochoma. Kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, jaribu kamera: weka tone la rangi iliyobaki kwenye kipande cha shashi, nje kabisa ya meza tasa, uone kama linawaka.

Mashine nyingi zina picha ya kawaida, picha ya kawaida iliyofunikwa kijani, na picha ya nyeusi na nyeupe. Tumia ile ya kufunikwa wakati wa kukata, ili uone mshipa wa damu na mrija wa limfu kwa pamoja. Ya nyeusi na nyeupe ina uwezo mkubwa zaidi wa kushika mwanga hafifu. Itumie kutafuta, usiitumie kukata.

Mwanga huu hupenya tishu kwa kama sentimita 1, mara nyingi pungufu. Mafuta yakizidi hapo, tezi inayong'aa vizuri itaonekana kama ukungu au isionekane kabisa, na hiyo ndiyo sababu unene wa mgonjwa unaongoza kwenye orodha ya mambo yanayokwamisha kazi hii. Sogeza lenzi hadi sentimita 4 au 5, ifute, na fungua tishu kabla ya kusema upande huu haujawaka. Anayefanya upasuaji wa kufungua tumbo kwa kamera ya mkononi azime taa za juu zenye balbu za halojeni na kufunika dirisha. Jua na halojeni vyote vina infraredi ya kutosha kuipofusha kamera.

Ndani ya nyonga

Kagua tumbo lote kwa mwanga wa kawaida kwanza. Kisha, kichwa kikiwa chini, washa infraredi kabla hujakata chochote. Kwa mgonjwa mwembamba utaona mirija kupitia utando: nyuzi nyembamba za kijani zinazotoka kando ya kizazi. Iangalie kwa sekunde chache kila upande, maana ukishakata hutaiona tena kwa utulivu huo.

Njia kuu ni hii: mrija unafuata ateri ya kizazi, unavuka juu ya ateri ya kitovu iliyozibika, na kuishia kwenye tezi iliyo upande wa ndani wa mishipa ya iliaka ya nje, mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, au sehemu ya juu ya shimo la obturata. Njia ya pili, isiyo ya kawaida sana, haivuki ateri hiyo. Inapanda pamoja na utando wa yureta (mrija wa mkojo kutoka kwenye figo) hadi kwenye iliaka ya pamoja au mbele ya mfupa wa sakramu. Asiyeijua njia hii hutafuta kwenye obturata, anakosa, anaandika "haikuonekana", na tezi imekaa juu ya sakramu ikiwaka.

Fungua utando wa tumbo kwa kuanzia kano ya mviringo, ukipanda sambamba na mishipa ya ovari kwa upande wake wa nje. Tafuta vitu vitatu kabla ya kugusa kitu cha kijani: yureta, ateri ya kitovu iliyozibika, na vena ya iliaka ya nje. Fungua nafasi za pembeni mwa kibofu na pembeni mwa rektamu kwa kusukuma, si kwa kukata. Mrija wa limfu ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukiuchana, rangi inamwagika, eneo lote linageuka kijani, na upande huo umejifungia mlango wewe mwenyewe. Ikitokea, osha kwa maji, nyonya, subiri, osha tena. Usisugue kwa shashi, utaipaka zaidi.

Fuata mrija toka kwenye parametria, tishu za kando ya kizazi, hadi tezi ya kwanza. Kabla ya kuitoa, hakikisha kuna mrija unaoingia. Kibonge cha kijani kisicho na mrija mara nyingi ni mafuta yaliyolowa au fundo la mrija wenyewe. Kama mirija miwili inaenda tezi mbili tofauti, zote mbili ni walinzi. Ishike kwa mafuta yaliyoizunguka, usiibane yenyewe. Funga mirija ya kuingia na kutoka kwa joto, itoe nzima, iweke kwenye mfuko kabla ya kuipitisha tunduni. Katika eneo la obturata, usitumie joto mpaka uione neva.

Ikishatoka, iangalie nje ya mwili kwa kamera, kisha rudi uangalie ilipokuwa. Chini pakiendelea kuwaka kwa nguvu, huenda umeacha nusu yake.

Halafu zima infraredi na ukague kwa mwanga wa kawaida na kwa kugusa kwa vyombo. Tezi yoyote iliyovimba, ngumu au yenye umbo la ajabu inatolewa hata kama ni giza tii. Sheria hii haina mjadala, kwa sababu limfu hukwepa tezi iliyozibwa na saratani.

Upande usiowaka

Usikate tamaa wala usianze kutoa kila kitu. Funika, shuka, choma tena upande huohuo mililita 1 hadi 2, ndani na juu. Kuchoma mara ya pili huokoa pande nyingi, na jumla ya dawa bado iko mbali na kikomo cha miligramu 2 kwa kilo ya uzito. Ukirudi juu na bado hakuna mrija unaoeleweka, upande huo haujapimwa, hata kama wa pili umewaka vizuri. Hapo unatoa tezi za nyonga za upande huo kwa ukamilifu wake. Kutoa tezi za kando ya aota ni uamuzi wa daktari kulingana na aina ya saratani. Rangi iliyochomwa mlangoni mwa kizazi haiziwashi mara nyingi, hivyo giza la huko juu halikuambii chochote.

Timu inayoanza ichukue wagonjwa wake kama 30 wa kwanza kuwa ni wa kujifunza: itoe tezi mlinzi, kisha iendelee na utaratibu wake wa kawaida, ilinganishe majibu.

Maabara

Kata kipande kwenye meza ya pembeni ukione: kuna tezi humo, au ni mafuta tu? "Tezi tupu" ndiyo aibu ya kazi hii, na ni bora uijue mgonjwa akiwa bado mezani, kwa sababu upande wenye tezi tupu ni sawa na upande usiowaka. Kila tezi iende na chombo chake cha formalini, na lebo yenye upande na mahali: "mlinzi, kulia, iliaka ya nje". Lebo ya "tezi za nyonga" haimsaidii mtu.

Fomu imwambie mpatholojia wazi kwamba ni tezi mlinzi, kwa kuwa hukatwa tofauti: vipande vya milimita 2, matabaka kadhaa ya ziada, na rangi za kingamwili za sitokeratini (protini inayofichua seli za saratani hii) pale ambapo rangi ya kawaida haikuonyesha kitu. Majibu yatakuja kwa vipimo. Zaidi ya milimita 2 ni metastasi (saratani iliyosambaa) kubwa. Kati ya 0.2 na 2 ni metastasi ndogo, 0.2 au chini yake ni seli pweke. Hizi za mwisho huandikwa kwenye ripoti lakini hazihesabiwi kama tezi yenye saratani. Bila ukataji huu, faida moja kubwa ya tezi mlinzi imetupwa.

Pasipo kamera

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina kamera hii. Rangi ya bluu huchomwa kwenye sehemu zilezile na huonekana kwa macho, ila inapita haraka na huioni mpaka ufungue utando, kwa hiyo fanya haraka na tegemea pande nyingi zaidi kukosa. Mweleze mtaalamu wa usingizi kabla hujachoma: bluu huifanya mashine ya kidoleni isome oksijeni ya chini kuliko ilivyo, na asiyeambiwa atahangaika bure. Ukitumia methilini ya bluu, uliza kuhusu upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao si adimu katika sehemu zetu zenye malaria, kwani damu ya mgonjwa mwenye upungufu huo inaweza kuvunjika. Uliza pia dawa za sonona, maana baadhi zinagongana nayo vibaya. Na mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo utakuwa wa kijani au bluu kwa siku moja au mbili, la sivyo simu ya kwanza asubuhi itakuwa ya ndugu zake.